Kabla Hujatoa Mtaji, Uliza Maktaba
Mwongozo wa kutafuta taarifa za biashara kwa simu yako, kwa wajasiriamali wa Makurunge na ukanda wa Bagamoyo

Makurunge inabadilika. Miwa ya kiwanda cha Bagamoyo Sugar imeota kwenye ardhi iliyokuwa ranchi ya RAZABA. Barabara ya kwenda Saadani, Pangani hadi Tanga inasubiriwa na kila mwenye duka, mwenye bodaboda na mwenye kiwanja. Kiwangwa wana mananasi, Mlingotini wana mwani, na mwambao mzima una chumvi na samaki. Mahali kama hapa mawazo ya biashara hayakosekani. Kinachokosekana ni taarifa za kuyapima kabla fedha hazijatoka mfukoni.

Wengi wetu huanza biashara kwa kusikia. Jirani kasema inalipa, video mtandaoni imeonyesha faida, naye muuza mashine ameapa kwamba soko lipo. Wakati huohuo, wanafunzi na wahadhiri wa vyuo vyetu wameshakwenda mashambani na sokoni, wamewahoji wakulima, madalali na wachuuzi, wamepiga hesabu za gharama na faida, na kazi zao zimehifadhiwa kwenye tovuti za maktaba. Sehemu kubwa ya kazi hizo husomwa bure. Mwenye simu janja na bando anaweza kuzifikia leo hii akiwa Makurunge.

Mwongozo huu unakuonyesha wapi pa kuingia, nini cha kuandika kwenye kisanduku cha kutafutia, namna ya kusoma ulichokipata, na namna ya kukigeuza kuwa hesabu ya biashara yako.

KWA NINI MAKTABA?

Ukiandika swali lako kwenye intaneti ya kawaida, majibu ya kwanza mara nyingi ni ya wanaouza kitu: mbegu, mashine, kozi au ndoto. Tovuti ya maktaba haikuuzii kitu. Kilichomo kina jina la mwandishi, mwaka, chuo au taasisi, na maelezo ya namna taarifa zilivyokusanywa. Kwa hiyo unaweza kukipima, na kama kina kasoro, kasoro hiyo inaonekana.

Huduma hii si ngeni nchini. Bodi ya Huduma za Maktaba ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Taifa iliyopo mtaa wa Bibi Titi Mohamed, Dar es Salaam, ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Sisi watu wa Bagamoyo tuna bahati ya ziada: Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi wa Nyaraka, kilichoanza mwaka 1989 chini ya Bodi hiyo, kipo hapa hapa wilayani kwetu. Wanaojifunza kuwatafutia watu taarifa wanafundishwa Bagamoyo.

> KISANDUKU CHA 1: Uwe na nini kabla ya kuanza
> - Simu janja yenye programu ya kufungulia mafaili ya PDF, au kompyuta ya steshenari.
> - Bando la kutosha. Tasnifu moja huweza kuwa faili zito, hivyo pakua saa ambazo bando ni nafuu na usome baadaye bila intaneti.
> - Daftari moja kwa ajili ya utafiti huu tu.
> - Mtu anayesoma Kiingereza vizuri, kama wewe hukisomi. Tafiti nyingi za biashara zimeandikwa kwa lugha hiyo. Mwanafunzi wa sekondari au mwalimu wa shule ya jirani anatosha kwa kuanzia.

MILANGO MINNE YA TOVUTI YA MAKTABA

Ukifungua tovuti ya maktaba ya chuo chochote, utakutana na maneno mengi. Usiyaogope. Karibu yote yanaelekeza kwenye milango minne.

Mlango wa kwanza: katalogi. Hapa unaona vitabu vilivyopo rafuni na namba zake. Hukipati kitabu chenyewe kwenye simu, ila unajua kipo wapi kabla ya kulipa nauli ya kwenda Dar es Salaam.

Mlango wa pili: hazina ya kidijitali ya chuo. Kwenye tovuti nyingi umeandikwa "Institutional Repository" au "Repository" tu. Humu zimo tasnifu za wanafunzi, makala za wahadhiri na ripoti za miradi. Huu ndio mlango wako mkuu, kwa sababu kazi nyingi zilizomo zinapakuliwa bila malipo na bila kujisajili.

Mlango wa tatu: majarida ya kielektroniki. Mara nyingi umeandikwa "E-resources" au "Databases". Mengi yake chuo huyalipia au huyapata kwa mpango maalumu, na hufunguka tu ukiwa ndani ya chuo au ukiwa na nywila. Ukikutana na kufuli hapa, usivunjike moyo. Njia za kulizunguka kihalali zipo hapo mbele.

Mlango wa nne: muulize mkutubi. Umeandikwa "Ask a Librarian" au "Contact us". Ni mlango unaobishwa hodi na wachache, nao ndio unaookoa muda kuliko yote. Kuuliza si ujinga, na kwa mkutubi kujibu ndiyo kazi yenyewe.

PA KUANZIA: TOVUTI ZINAZOFAA KWETU

1. Maktaba ya Taifa ya Kilimo ya Sokoine, Morogoro. Ilipewa hadhi ya maktaba ya taifa ya kilimo kwa sheria ya mwaka 1991. Hazina ya Chuo Kikuu cha Sokoine ipo suaire.sua.ac.tz. Kwa biashara ya mazao, mifugo, samaki, usindikaji na masoko ya vijijini, anzia hapa.
2. Chuo Kikuu Mzumbe, scholar.mzumbe.ac.tz. Ni hodari kwa masuala ya usimamizi, mikopo midogo, kodi na biashara ndogo.
3. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, repository.out.ac.tz. Wanafunzi wake wengi ni watu walio kazini, hivyo tafiti zao mara nyingi zinahusu wilaya na halmashauri wanakofanyia kazi.
4. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Maktaba yake mpya ilifunguliwa Novemba 2018. Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyopo Zanzibar ni ya chuo hiki, na kwa mwani, kamba, kaa na samaki wa mwambao ndiyo yenye historia ndefu.
5. African Journals Online, ajol.info, iliyoanza mwaka 1998. Inakusanya majarida ya Afrika mahali pamoja. Humo yamo majarida ya kwetu kama Business Management Review la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Tanzania Journal of Agricultural Sciences. Makala nyingi ni za bure.
6. Ofisi ya Taifa ya Takwimu, nbs.go.tz. Sensa ya watu ya 2022, sensa ya kilimo ya 2019/20, utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18, na mfumuko wa bei wa kila mwezi. Kwa upande wa Zanzibar, tafuta Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali.
7. Benki Kuu ya Tanzania, bot.go.tz. Taarifa yake ya uchumi ya kila mwezi inakuonyesha riba za mikopo, thamani ya shilingi na mwenendo wa bei.
8. Tovuti ya Bunge. Humo zimo hotuba za bajeti za wizara. Fungua hotuba ya wizara inayosimamia ujenzi wa barabara, kisha tafuta neno "Makurunge" ndani ya faili. Utasoma hatua iliyofikiwa na fedha zilizotengwa, badala ya kutegemea maneno ya dalali wa viwanja.

Jirani zetu nao tusiwasahau. Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Makerere vina hazina zilizo wazi, na mkulima wa nanasi wa Uganda au wa mwani wa Kwale ana maswali yanayofanana na yako.

HATUA KWA HATUA

Hatua ya 1: Andika swali, usianze na jina la biashara.
"Biashara ya mwani" si swali. "Nani ananunua mwani mkavu wa Mlingotini, kwa bei gani, na anataka uwe wa namna gani?" ni swali. Kila biashara ina maswali matano ya msingi: mteja ni nani, mali ghafi inapatikana lini na kwa bei gani, uzalishaji unagharimu kiasi gani, washindani ni akina nani, na sheria zinataka nini. Yaandike yote matano daftarini, kila moja kwenye ukurasa wake.

Hatua ya 2: Tengeneza orodha ya maneno ya kutafutia.
Kwa kuwa tafiti nyingi ni za Kiingereza, andika neno la Kiswahili na la Kiingereza, na jina la kisayansi pale lilipo. Mifano ya kwetu:
- Mwani: andika seaweed, kisha Eucheuma, kisha Kappaphycus.
- Nanasi: andika pineapple, kisha Ananas comosus.
- Kamba wa baharini: andika prawn, kisha shrimp. Waandishi hawakubaliani, hivyo jaribu yote mawili.
- Chumvi ya kuanika juani: andika solar salt.
- Kuku wa kienyeji: andika local chicken, kisha indigenous chicken.
- Wakulima wa miwa wa nje ya shamba la kiwanda: andika sugarcane outgrowers.

Majina ya mahali nayo yaandikie orodha: Makurunge, Kiwangwa, Bagamoyo, Pwani, na "Coast Region", kwa kuwa ndivyo mkoa wetu unavyoitwa kwenye machapisho mengi ya Kiingereza.

Hatua ya 3: Unganisha maneno.
Weka AND kati ya maneno unayotaka yaonekane yote pamoja, na alama za kunukuu kwa maneno yanayotakiwa yafuatane. Jaribu hivi, kimoja baada ya kingine:
- pineapple AND Bagamoyo
- pineapple AND "value chain" AND Tanzania
- seaweed AND "Coast Region"

Neno "value chain" lina kazi kubwa. Tafiti zenye neno hilo hufuata bidhaa tangu shambani hadi kwa mlaji wa mwisho, na hueleza kila mmoja njiani anabaki na shilingi ngapi.

Hatua ya 4: Anza karibu, kisha panuka.
Tafuta Makurunge kwanza. Utagundua kwamba maandishi mengi yenye jina hilo yanahusu ardhi na mradi wa sukari wa EcoEnergy, kampuni ya Kiswidi iliyotangulia kutaka eneo hili. Hayo ni muhimu kwa anayenunua shamba, lakini hayatamsaidia anayetaka kukausha nanasi. Panda ngazi: kata, wilaya, mkoa, nchi, Afrika Mashariki. Simama pale unapopata kazi tatu au nne zinazojibu swali lako.

Hatua ya 5: Soma kwa mpangilio wa mfanyabiashara.
Tasnifu ina kurasa nyingi, na wewe huna haja ya kuzisoma zote. Fuata mpangilio huu:
1. Ikisiri, yaani muhtasari wa mwanzoni, ujue kama inahusu swali lako.
2. Sura ya mbinu za utafiti. Taarifa zilikusanywa mwaka gani, wapi, na kwa watu wangapi?
3. Majedwali ya sura ya matokeo. Gharama, bei na faida zimo humo.
4. Mapendekezo. Mara nyingi yanataja pengo la soko ambalo hakuna aliyeliziba.
5. Viambatisho vya mwisho. Watu wengi huviruka, na huku ndiko kwenye dodoso, yaani yale maswali ambayo mtafiti aliwauliza wakulima na wachuuzi. Yanakili, yafupishe, uende nayo sokoni kuuliza wewe mwenyewe. Mtu amekuandalia kazi hiyo na msimamizi wake chuoni ameipitia.
6. Orodha ya marejeo. Inakuonyesha nani mwingine kaandika juu ya jambo lako.

Hatua ya 6: Andika ulichopata.
Mali bila daftari hupotea bila habari, na taarifa nazo ni hivyohivyo. Kwa kila kazi andika mistari mitano: jina la mwandishi na mwaka, mahali ulipoipata, mwaka wa kukusanya taarifa, namba muhimu na ukurasa wake, na shaka yako. Ukija kuomba mkopo benki au kuandika maombi kwa SIDO, shirika la viwanda vidogo, hiyo mistari ndiyo itakayobeba mchanganuo wako.

Hatua ya 7: Hakiki kwa miguu.
Utafiti wa maktaba haukuondolei safari ya sokoni. Unakupa maswali ya kwenda nayo. Bei ya miaka mitano iliyopita siyo ya leo, ila mwenendo wa misimu, mpangilio wa madalali na matatizo ya usafirishaji hubadilika polepole. Chukua namba tatu muhimu kuliko zote, nenda ukaulize zimefikia wapi.

> KISANDUKU CHA 2: Swali lako na mahali pa kulipeleka
> - *Wateja ni wangapi eneo hili?* Sensa ya 2022, kwa ngazi ya kata.
> - *Kaya hutumia fedha zake kwa nini?* Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya.
> - *Gharama na faida ya zao fulani?* Hazina ya Sokoine na ya Mzumbe.
> - *Bidhaa za baharini?* Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na jarida la Western Indian Ocean Journal of Marine Science.
> - *Nani ananunua nje ya nchi?* Trade Map, trademap.org, kwa kujisajili bila malipo.
> - *Riba na shilingi?* Benki Kuu.
> - *Sheria na kanuni?* TanzLII, tovuti ya sheria inayosimamiwa na Mahakama ya Tanzania.
> - *Jina la kampuni na usajili?* BRELA.

MFANO WA KARIBU: NANASI KAVU LA KIWANGWA

Tuseme unataka kununua mananasi Kiwangwa, uyakaushe Makurunge na kuyauza kwenye pakiti Dar es Salaam. Tuone taarifa za maktaba zinavyogeuka kuwa hesabu.

Machapisho ya usindikaji yatakuambia kwamba nyama ya nanasi bivu ina maji karibu asilimia 85. Yatakuambia pia kwamba ukiondoa taji, maganda na kiini, unaweza kupoteza hadi nusu ya uzito. Sasa piga hesabu:

1. Kilo 200 za mananasi mazima zinakupa kilo 100 za nyama.
2. Katika kilo 100 hizo, maji ni 85 na yabisi ni 15.
3. Nanasi kavu la kuuza libakiwe na unyevu wa asilimia 15. Gawa 15 kwa 0.85, unapata kilo 17.6.
4. Kwa hiyo kilo moja ya nanasi kavu inakula zaidi kidogo ya kilo 11 za mananasi mazima.

Hesabu hii fupi ndiyo inayoamua kama biashara ipo. Chukua bei ya kilo moja shambani, zidisha mara 11. Hiyo ni mali ghafi peke yake, kabla ya vibarua, usafiri, vifungashio na nishati. Ikiwa jumla yake imeshakaribia bei ya pakiti dukani, umejiokoa kabla hujanunua hata kaushio.

Hapa pana mtego wa kienyeji. Tafiti huandika bei kwa kilo, lakini shambani nanasi huuzwa kwa moja moja au kwa mzigo wa fuso. Nenda na mizani, pima mananasi kumi ya ukubwa tofauti, upate wastani wako. Usichanganye vipimo viwili ndani ya hesabu moja.

Ukitaka kujua soko la nje, Trade Map inatumia namba za forodha. Nanasi ni 080430, lakini namba hiyo inachanganya bichi na kavu, hivyo usije ukadhani tani zote unazoziona ni za nanasi kavu. La kopo lipo chini ya 200820, na juisi yake ni 200941 na 200949. Mwani wa kuliwa na binadamu ni 121221, mwani mwingine 121229, na chumvi ni 2501. Ukishaijua namba, unaona nchi ipi inanunua, inanunua kutoka kwa nani, na kwa thamani gani.

TAHADHARI: MAKOSA YANAYOGHARIMU

1. Kuchukua takwimu bila kuangalia mipaka. Sensa ya 2012 inaonyesha Wilaya ya Bagamoyo ilikuwa na watu 311,740. Idadi hiyo inajumuisha maeneo ambayo sasa yapo Halmashauri ya Chalinze, Kiwangwa ikiwemo. Ukiilinganisha na takwimu mpya za Halmashauri ya Bagamoyo peke yake, utadhani watu wamehama. Kabla ya kulinganisha miaka miwili, hakikisha ni eneo lilelile.

2. Kufuata sheria iliyopitwa na wakati. Tasnifu za kabla ya 2019 zitakuambia usajili wa vyakula upo TFDA, iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa. Tangu mwaka huo kazi ya vyakula imehamia Shirika la Viwango, TBS. Mtafiti alikuwa sahihi siku aliyoandika. Masuala ya leseni, kodi na ushuru daima yathibitishe kwenye ofisi husika.

3. Kusoma mwaka wa kuchapishwa badala ya mwaka wa kukusanya. Kazi iliyochapishwa 2021 inaweza kuwa na bei za 2017. Tazama sura ya mbinu.

4. Kuamini utafiti mmoja. Mtafiti aliyehoji wakulima 40 wa kijiji kimoja hakuhoji soko zima. Tafuta angalau kazi tatu. Zikikubaliana, songa mbele. Zikipingana, hapo ndipo pa kwenda kuuliza.

5. Kununua ripoti ya soko mtandaoni. Zipo tovuti zinazouza ripoti za mamia ya dola zenye kichwa kizuri kuhusu Tanzania. Mwandishi hajulikani, mbinu hazielezwi. Usitoe hata senti kabla mkutubi hajaiangalia.

6. Kumlipa mtu akufungulie makala iliyofungwa. Njia halali zipo, na ni hizi zifuatazo.

> KISANDUKU CHA 3: Ukikutana na kufuli
> 1. Nakili kichwa cha makala, ukiweke kwenye Google Scholar. Bonyeza "All versions" chini ya jina lake. Mara nyingi nakala ya bure ipo kwenye hazina ya chuo.
> 2. Mwandikie mwandishi kwa barua pepe iliyo kwenye ukurasa wa kwanza. Jitambulishe, taja makala, eleza unaihitaji kwa nini. Watafiti hufurahi kazi yao inapotumika.
> 3. Nenda chuo kilicho karibu. Taasisi za Tanzania ni miongoni mwa zinazonufaika na mpango wa Research4Life, unaofungua majarida ya kilimo, afya, mazingira na teknolojia bila malipo kwa vyuo vilivyojiunga. Piga simu kwanza uulize utaratibu wa mgeni.
> 4. Mtume mwanafunzi. Kijana wa Makurunge anayesoma chuo ana nywila ya maktaba yake. Mwombe akutafutie na akueleze yaliyomo.

BARUA FUPI KWA MKUTUBI

Ukiandika "naomba taarifa za biashara", utajibiwa kwa ujumla. Andika hivi:

*"Ndugu Mkutubi, salaam. Mimi ni mjasiriamali wa Makurunge, Bagamoyo. Ninafikiria kuanza kukausha mananasi kwa ajili ya soko la Dar es Salaam. Ninatafuta tafiti za tangu 2015 zinazoonyesha gharama za kukausha matunda kwa kiwango kidogo nchini Tanzania. Nimetafuta kwenye hazina ya Sokoine kwa maneno pineapple na fruit drying, nimepata kazi mbili. Naomba unielekeze mahali pengine pa kutazama. Asante kwa msaada wako."*

Barua hiyo inasema wewe ni nani, unataka nini, kwa miaka ipi, na umeshatafuta wapi. Mkutubi hana haja ya kubahatisha.

Wanaotaka kujifunza zaidi wafungue miongozo ya utafiti wa biashara ya Maktaba ya Bunge la Marekani, guides.loc.gov. Ni ya bure. Takwimu zake nyingi ni za kwao na hazitakufaa, lakini utaona namna wakutubi wanavyoigawa biashara moja katika maswali, na kila swali linavyopelekwa kwenye chanzo chake.

ORODHA YA KUKAGUA KABLA YA KUTOA FEDHA

☐ Nimeandika maswali yangu matano, kila moja na ukurasa wake.
☐ Nimetafuta kwa maneno ya Kiswahili, Kiingereza na ya kisayansi.
☐ Nimepata angalau kazi tatu zinazohusu biashara yangu.
☐ Najua taarifa za kila kazi zilikusanywa mwaka gani na kwa watu wangapi.
☐ Nimehakikisha mipaka ya eneo la takwimu zangu.
☐ Nimebadilisha vipimo vyote viwe vya aina moja.
☐ Nimenakili dodoso moja na kulitumia kuhoji watu wasiopungua kumi sokoni.
☐ Nimethibitisha leseni na viwango kwenye ofisi husika.
☐ Nimepiga hesabu ya mali ghafi kwa bei ya leo.
☐ Nimemwonyesha daftari langu mtu mmoja anayeifahamu biashara hii.

Ukikuta visanduku vitatu au zaidi havina alama, mtaji wako ubaki ulipo kwa sasa. Kazi ya kuvijaza ni ya wiki chache na gharama yake ni bando na nauli. Mashine iliyonunuliwa kwa pupa huwa haina mnunuzi wa pili kwa bei uliyoinunulia.

Tafiti hizi zimefanywa kwa muda na jasho la wakulima, wavuvi na wachuuzi wa kwetu waliokaa chini kujibu maswali ya wageni wenye makaratasi. Ni haki yao na yetu kwamba matokeo yarudi kijijini. Basi wiki hii fungua hazina moja, pakua tasnifu moja inayohusu kazi yako, na uisome hadi kwenye viambatisho. Ukimaliza, mpe na jirani yako.